Mgeni wa Siku ya Tatu

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha namna ya kumpokea mgeni kwa miaka minne mfululizo, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kunywa maji kwake. Nasema hili mapema ili msije mkadhani namsengenya mtu niliyekula chakula chake. Tena mimi nilikuwa nakaa naye nyumba moja, yeye chumba cha uani, sisi vyumba vya mbele, na sufuria lake nililiona mara moja tu, siku niliyotumwa kumfagilia. Lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya boksi, jipya, bado lina karatasi ya dukani ubavuni. Nilimuuliza mama mbona Mwalimu ana sufuria na hapiki, mama akanijibu kwamba mtoto anayechungulia chini ya vitanda vya watu atakuja kuona nyoka.

Jina lake silitaji. Yupo, macho yake bado yanasoma, na akikuta jina lake limeandikwa bila ruhusa ataniletea karatasi yenye masahihisho ya wino mwekundu. Alikotoka nako sina mengi ya kueleza, kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa akinyoosha kidevu kuelekea milimani, upande wa Burundi, anasema, "Huko juu," halafu anakuuliza wewe habari za masomo. Baba yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyemleta nyumbani kwetu Bangwe. Alimkuta stendi na barua ya kwenda kuonana na mkuu wa sekondari moja ya binafsi Ujiji, hana pa kulala. Baba akamwambia, njoo ulale kwetu siku mbili. Alikaa miaka ishirini na tatu.

Kilichompa sifa mjini ni neno moja tu. Linaandikwa xenial, yeye akilitamka "zenia," na hakukuwa na mtu wa kumbishia. Sisi wanafunzi tukaliingiza kwenye Kiswahili chetu hivyohivyo: watu wa zenia, chai ya zenia, nyumba isiyo na zenia. Mpaka leo kuna wazee wa Bangwe wanaolitumia bila kujua kwamba ni Kiingereza, na bila kujua kwamba Waingereza wenyewe hawalitumii.

Alilipata kwenye mihogo ya kukaanga. Aliinunua sokoni Mwanga, na mama wa mihogo akamfungia kwa karatasi iliyochanwa kwenye kamusi ya zamani. Bahati ikaangukia ukurasa wa X, herufi ambayo maneno yake yote yanatosha kufunga mihogo ya mtu mmoja. Mwalimu alikula, akafuta vidole, akasoma. Ukurasa ule aliutia kwenye mfuko wa plastiki na kuja nao darasani kila mwaka, mara moja tu, anaupitisha dawati kwa dawati kama padri na sahani ya sadaka. Ulisema kwamba neno hilo ni kivumishi, ni la vitabuni, halitumiki sana, asili yake ni Kigiriki, na linahusu uhusiano mwema kati ya mwenyeji na mgeni, hasa... Hapo kwenye "hasa" pana doa la mafuta. Chini ya doa hapasomeki kitu.

Mtu mwingine angetafuta kamusi nzima. Mwalimu aliona kwamba hasa ile ameachiwa yeye aimalizie. "Ukarimu ni wa mtu mmoja," alikuwa akituambia, chaki mkononi. "Tajiri anaweza kuwa mkarimu peke yake, amekaa kwenye kochi lake. Zenia inataka watu wawili, na wote wawili wana kazi." Alituambia pia kwamba Wagiriki wa kale walimwita mgeni na mwenyeji kwa neno lilelile moja. Nilipomhadithia mama, aliacha kuchambua dagaa akauliza, "Sasa nani alikuwa anaosha vyombo?"

Kazi za mwenyeji alizifundisha kwa haraka, kipindi kimoja. Kazi za mgeni ndizo zilizomaliza muhula. Mgeni hafungi mlango wa mwenyeji, anauegesha. Mgeni hamalizi chakula, anaacha matonge mawili, ili mwenyeji asidhani kimepungua. Mgeni haulizi kinachopikwa. Mgeni haombi kiti. Akitaka kuondoka anaaga mara tatu, na ile ya tatu ndiyo anayoinuka nayo. Haya yote aliyatimiza nyumbani kwetu kila siku, na matonge yake mawili mimi na kaka yangu tuliyagombania mpaka tulipokuwa watu wazima.

Kilichotuchekesha zaidi ni hodi. Mwalimu alipiga hodi kila mahali, hata dukani, hata choo cha uani akiwa ameona mwenyewe mlango uko wazi. Alipiga hodi hata kwenye chumba chake. Anatoka shuleni, anasimama mbele ya mlango wake alioegesha mwenyewe asubuhi, akijua ndani hamna mtu, anasema hodi, anangoja kidogo, anaingia. Kaka alijificha humo siku moja akamjibu karibu. Mwalimu akasema ahsante, akaingia, akamkuta, wala hakushtuka. Alimwambia tu kwamba sauti yake ya kukaribisha haina uchangamfu.

Na nyumba za watu alizipa alama. Akirudi kutoka kwenye maulidi au ubatizo, mama humuuliza vipi kule, naye hujibu, "Wastani. Walichungulia dirishani kabla ya kusema karibu." Nyumba moja ya Ujiji aliipa sifuri kwa sababu mwenye nyumba aliangalia saa. Mchungaji mmoja alipata B. Ziwa hakuwahi kulipa alama yoyote, kwa kuwa hakuwahi kuingia. Miaka yote anaishi hatua chache kutoka ufukweni na maji hayakumpita vifundo vya miguu. Ukimuuliza anakwambia, "Halijanikaribisha."

Ila darasani, zenia yake ilikuwa inabaki nje pamoja na waliochelewa. Ukifika kengele imeshalia, mlango umefungwa, na hakuna hodi iliyoufungua. "Umechelewa. Jua limeshatoka," anasema kupitia dirishani, anaendelea kufundisha ukarimu wa Wagiriki. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye insha kwamba mbwa wao ana zenia kwa sababu huwakimbilia wageni njiani. Mwalimu alimpa nusu alama na kumwandikia pembeni kwa wino mwekundu: anawakimbilia kufanya nini? Alitukataza tusilitumie neno lake kwenye mtihani wa taifa, kwa kuwa msahihishaji asiyelijua atadhani ni kosa. Mimi kwa ubishi wangu nililitumia mara tatu. Nilipata C, na Mwalimu akasema msahihishaji huyo hakulelewa.

Sasa nieleze habari ya jembe, maana bila jembe hamtamwelewa.

Siku ya tatu tangu alale kwetu, asubuhi, mama alikuwa anajiandaa kwenda shambani kwake Simbo. Akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akampa Mwalimu. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, kwa sababu Mwalimu alikuwa amevaa suruali ya kwenda kwenye usaili, na alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Tunao usemi wetu sote tunaoujua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akaenda Simbo akalima mpaka mama akamwambia basi, baba, tuachie na kesho kitu cha kulima.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa shambani kwa mama. Wakati wa mahindi, wakati wa maharage, hata wakati ambao hakuna cha kulima, anakwenda kukagua. Jembe lile alilitunza chumbani, nyuma ya mlango. Alibadilisha mpini mara nne, anachagua mti mwenyewe, anausugua kwa kipande cha chupa mpaka unateleza. Sisi tukasema Mwalimu anapenda kilimo. Watu wakikuzoea hawakuulizi tena kitu.

Nilipomaliza shule na kuhangaika huku na huku, nilifungua steshenari karibu na kituo cha bajaji. Hapo ndipo nilipoujua upande mwingine wa Mwalimu. Kila mwaka, kiangazi kikiingia, alikuja na barua ya kuchapa. Ilikuwa barua ya kuomba uraia. Nzuri, ya kurasa mbili, Kiswahili cha kunyooka, na katikati yake sentensi moja inayosema kwamba ameishi na watu wenye zenia. Kompyuta yangu ikalipigia neno hilo mstari mwekundu. Mwalimu alivua miwani akausogelea mstari ule. Miaka yote yeye ndiye mwenye wino mwekundu.

"Mashine yako imesoma mpaka darasa la ngapi?" akaniuliza.

Tulichapa, akasahihisha mkato mmoja, tukachapa tena, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaniambia, "Tuiweke kwanza." Nikaiweka kwenye droo. Mwaka uliofuata akaja na nyingine. Bahasha zikafika sita, na mimi kila nikimuuliza ananiambia muda wake bado. Wenzake waliotoka naye huko juu walikwishaomba, wengine walikwishapata, wengine wamejenga Kidahwe na wana wajukuu. Yeye alikuwa bado anaegesha mlango wa chumba cha uani.

Kiangazi cha bahasha ya saba, mama alikuwapo dukani. Alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja simu yake ijae chaji, na mama yangu akikaa bila kazi hutafuta.

"Hiyo barua unaichapa mara ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya saba, mama."

"Inakwenda lini?"

Mwalimu akajibu yeye. "Mama mwenye nyumba, mgeni haombi kiti. Anasimama mlangoni mpaka aambiwe kaa. Hiyo ndiyo zenia yenyewe."

"Yoo! Umesimama mlangoni miaka ishirini?"

"Zaidi," akasema Mwalimu, kwa upole kabisa. "Wala silalamiki. Uliniambia mapema kwamba siku zangu zimekwisha. Ulikuwa na haki. Ndiyo maana kila Jumamosi najitahidi shambani, nisiwe mzigo."

Mama akanitazama, nikamtazama. "Nani alikwambia siku zako zimekwisha?"

"Wewe, mama. Siku ya tatu. Ulinipa jembe."

Mama aliiacha printa imalize ukurasa. Kisha akasimama, na magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua.

"Oya, Mwalimu," akasema, akikataa kwa lugha ya nyumbani. "Oya, oya. Anayefukuzwa hapewi jembe. Anayefukuzwa anatiliwa nauli mfukoni na kuambiwa safari njema. Mgeni ndiye anayekaa kwenye kiti akaletewa maji. Wewe siku ya tatu niliona umeshakuwa wa humu ndani, nikasema huyu tulime naye. Lile jembe lilikuwa la mume wangu. Ningempa mtu ninayemfukuza jembe la mume wangu?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. "Kitabu hakikusema," akanong'ona.

"Kitabu kimejaa mafuta," mama akamwambia.

Nililia nyuma ya printa, sioni haya kusema. Nilikuwa nawaza zile Jumamosi zote. Sisi tunamcheka na hodi zake, kumbe mtu alikuwa analipia kulala kwake kwa kila tuta, na kila akiyaacha yale matonge mawili alikuwa anaogopa kwamba siku moja tutamhesabia. Mwalimu alichukua bahasha kaunta, akatoka dukani. Hakuaga mara tatu. Hakuaga hata mara moja, na mama akasema, "Afadhali."

Barua ikaenda. Mambo ya ofisini yana mwendo wake; pakawa na picha, pakawa na alama za vidole, pakawa na mashahidi. Mama alijitolea kuwa shahidi akaeleza mengi kuliko alivyoulizwa, hadi habari ya mihogo. Tulingoja, tukasahau, tukakumbuka. Karatasi ilipotoka Mwalimu hakumwonyesha mtu wiki nzima. Alikuwa akiisahihisha, naamini, ingawa anakana. Mwisho alikuja kwa mama, akapiga hodi, akaiweka mezani, akabaki amesimama. Mama akamwambia kwamba ukingo wa shamba la Simbo, ule alioulima yeye kwa jasho lake, ni wake, ajenge.

Alijenga alipostaafu: vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati. Na hapo nilidhani hadithi imekwisha. Lakini mtu aliyesimama mlangoni miaka ishirini haketi kwa siku moja. Majirani wa Simbo wakaanza kutuletea habari kwamba yule mwalimu wenu anapiga hodi nyumbani kwake, na ndani hamna mtu. Wakisimama uani kwake kumsalimia, anawatolea kiti nje, anarudi ndani, anachungulia kama wameridhika. Chakula hajawahi kumpa mtu. Mama alisikitika sana. Aliniambia, "Tumempa kiwanja, ugeni kaondoka nao."

Mwaka jana ikaja kadi ya mwaliko. Niliichapa mwenyewe, maana Mwalimu ni mteja wangu. Ilisema tunakaribishwa Simbo siku ya Alhamisi kwa chakula cha mchana, na neno lake lilikuwapo, na mstari mwekundu ulikuwapo. Alhamisi ile mama alitoka na begi.

"Mama, tunakwenda kula mchana tu."

"Beba nguo za siku tatu," akasema, akapanda bajaji.

Mwalimu alitupokea njiani. Tulipofika mlangoni kwake akasimama, akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, akangoja. Mama akapita katikati yetu akaingia. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani kwa mawese, na ugali ulikuja ndani ya sufuria lile lile la chini ya kitanda. Karatasi ya dukani hakuibandua; ilikuwa imeungua nusu na kushikamana na ubavu. Alitutazama tukila, yeye amesimama. Mama alionja, akatafuna taratibu.

"Mwalimu, chumvi imebaki Uvinza?"

Akakimbilia jikoni. Alirudi na chumvi akaomba ruhusa ya kukaa kwenye stuli yake.

Ijumaa ikawa vilevile. Anaomba kupita, anaomba kufungua dirisha, anauliza kama redio inatusumbua, na redio imezimwa. Ili kumchangamsha nikamtafutia neno lake kwenye simu, kamusi kamili, isiyo na mafuta. Baada ya ile hasa palikuwa pameandikwa kitu kifupi tu: kati ya watu wa miji tofauti. Nikamsomea. Alilifikiria jibu lile kwa muda mrefu, kama anayeonja.

"Haijatosha," akasema, akaomba ruhusa ya kutoka nje.

Wateja walikuwa wakinipigia simu, kuna mtu alitaka kuchapa hotuba ya harusi. Jioni, jua likiwa bado halijazama, nikamwambia mama tuondoke. Alikuwa amekaa kitandani akipaka magoti dawa.

"Kesho ni siku ya tatu," akasema.

Nikaelewa kwa nini tulibeba nguo.

"Na asipolileta?"

"Basi atakufa mgeni," mama akasema, "na lawama ni yangu, kwa sababu jembe nililompa sikumwambia neno. Nilimpa nikageuka kutafuta kanga." Niliona anaogopa kweli. Mama yangu haogopi kitu, hata nyoka wa chini ya vitanda.

Jumamosi niliamka nikamkuta ameshavaa. Kanga ya shambani ameifunga kiunoni, amekaa sebuleni ametazama mlango. Nikakaa naye. Nje jogoo aliwika, mtu akapita na baiskeli, jirani akawasalimia wenzake mwakeye, nao wakaitikia. Jua likaingia dirishani, likafika kwenye miguu ya stuli, na Mwalimu hakuonekana.

Halafu mlango ukasukumwa kwa bega, ukagonga ukuta. Hakukuwa na hodi. Mwalimu akaingia na matope miguuni mpaka katikati ya sakafu yake, majembe mawili mkononi. Alinitazama mimi kwanza, na sauti ilikuwa ile ya dirisha la darasani.

"Umechelewa. Jua limeshatoka."

Akanikabidhi jembe moja. Kisha akamgeukia mama. Jembe la pili nililitambua. Mpini ulikuwa mpya, lakini bapa lilikuwa limelika upande mmoja kama lilivyokuwa enzi za baba.

"Mama mwenye nyumba," akaanza.

"Mama mwenye nyumba yuko Bangwe," mama akamkatiza. "Hapa mimi nimelala siku mbili."

Mwalimu akamwekea jembe mikononi. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akapitisha kidole gumba kwenye mpini kuona kama umesuguliwa vizuri. Kisha akainuka bila kushika ukuta, akamwuliza Mwalimu tuanzie upande gani, naye akatuonyesha kwa kidevu.